Bia, Mvinyo na Jasho la Mkulima

Kipendacho moyo ni dawa, walisema wahenga, nao hawakukosea. Mmoja huitaka halua laini, mwenziwe huitaka yenye lozi. Mmoja hunywa chai ya rangi, mwenziwe haioni chai kuwa ni chai pasipo maziwa. Katika mambo ya ladha hakuna hakimu, na mwenye busara hapotezi siku yake kusikiliza shauri lisilokuwa na hukumu. Miongoni mwa mashauri ya namna hiyo ni lile linalosikika kila jioni katika mahoteli ya pwani yetu, kuanzia Nungwi hadi Makunduchi, baina ya wapendao bia na wapendao mvinyo. Mpenda bia husema kuwa kinywaji chake huondoa kiu ya jua na hakimtaki mtu ajue majina ya kigeni. Mpenda mvinyo husema kuwa chake huenda sambamba na chakula, hunywewa kwa utaratibu na hakijazi tumbo. Wote wawili wana haki, na hapana hata mmoja atakayeshawishika.

Twapenda ieleweke tangu mwanzo kwamba hatuandiki haya ili kumwita mtu yeyote kwenye glasi. Walio wengi katika visiwa hivi hawanywi kileo cha aina yoyote, na dini yao inawakataza. Msimamo huo tunauheshimu, na twamtaka kila mgeni auheshimu. Lakini kutokunywa hakumwondolei mtu wajibu wa kufikiri. Serikali yetu ndiyo inayotoa vibali vya kuingiza vileo, na ndiyo inayokusanya kodi yake. Bandari yetu ya Malindi hupokea shehena yake. Vijana wetu, wengi wao wasiokunywa, ndio wanaozifungua chupa hizo mbele ya wageni. Jambo lililomo katika hazina, katika bandari na katika ajira ni jambo la wananchi wote.

Kwa hiyo hatutaamua ni kipi kilicho bora kati ya bia na mvinyo. Tunalotaka kusema ni jingine, nalo ni hili: ladha ni ya mtu binafsi, lakini matokeo ya ladha si ya mtu binafsi. Nyuma ya kila chupa lipo shamba, na katika kila shamba yupo mkulima anayeishi au kufilisika kwa sababu ya kile ambacho mtu asiyemjua ameamua kukipenda.

Tutazame kwanza jinsi ladha hizi zilivyotufikia, maana lugha yetu imeziwekea kumbukumbu. Tembo la mnazi ni la pwani yenyewe, na mgema yumo katika methali zetu tangu kale. Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, waliofika katika bahari hii tangu mwaka 1498, na kwa muda mrefu watu wa pwani walilitumia kwa kileo chochote kikali. Neno divai lina asili ya Kifaransa, nalo limebaki zaidi katika makanisa. Bia likaja pamoja na watawala wa Kizungu wa nyakati za karibuni. Kwa hivyo, yule asemaye leo kwamba anapenda hiki na hakipendi kile, anachagua miongoni mwa vitu vilivyoletwa na majahazi, merikebu na meli za watu mbalimbali.

Tena ladha ya watu wengi hutoka katika ardhi yao. Ulaya ya kaskazini, ambako jua ni haba na mzabibu hauivishi vizuri matunda yake, watu walilima shayiri wakawa wanywaji wa bia. Huko Bavaria iliwekwa amri mwaka 1516 kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Ulaya ya kusini, penye jua la kutosha, walilima mizabibu wakawa wanywaji wa mvinyo. Haikuwa tofauti kwetu Afrika Mashariki. Wachaga walikuwa na ndizi na ulezi, wakapata mbege. Watu wa Kagera walikuwa na ndizi, wakapata rubisi. Watu wa Iringa walikuwa na mianzi, wakapata ulanzi. Watu wa pwani walikuwa na minazi. Kila mtu alipenda kile ambacho ardhi yake ilimpa, kisha akadhani kuwa moyo wake ndio uliochagua.

Baada ya ardhi ilikuja sheria. Wakati wa ukoloni, katika nchi zetu za Afrika Mashariki, ruhusa ya kunywa iligawanywa kwa rangi ya mtu. Vileo vya chupa kutoka ng'ambo vilihesabiwa kuwa haki ya Mzungu, na Mwafrika aliachiwa pombe yake ya kienyeji, nayo chini ya leseni na macho ya polisi. Ubaguzi huo ulipoondolewa, chupa ilikuwa imekwisha kupata hadhi ambayo haikuistahili. Mtu aliishika hadharani si kwa ladha yake tu, bali kwa sababu baba yake alikatazwa kuishika.

Mwisho vikaja viwanda. Kenya ilianza kupika bia ya kiwandani mwaka 1922, na Dar es Salaam ikapata kiwanda chake mwaka 1933. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa za kiwanda hicho. Mwaka 1977 ikatolewa bia ya Safari, ambayo jina lake linajulikana na kila mtu hadi leo. Miaka ya 1980 bia iliadimika kama ilivyoadimika sabuni na sukari. Mwaka 1993 nusu ya hisa ikauzwa kwa kampuni ya bia ya Afrika ya Kusini, na bia ya Kilimanjaro ikafuata mwaka 1996. Mvinyo haukuwa na historia ya namna hiyo. Haukuwa na kiwanda kikubwa, wala magari ya kuusambaza kila mtaa, wala matangazo ukutani. Basi tunapoambiwa kwamba Mtanzania kwa tabia yake ni mtu wa bia, tuulize kwanza ni tabia ya Mtanzania, au ni tabia ya lori lililomfikia.

Ladha iliyojengwa kwa njia hiyo yaweza pia kubomoka. Ufaransa, nchi ambayo mvinyo ulihesabiwa kuwa sehemu ya mlo, katika miaka ya 1960 kila mtu kwa wastani alikuwa akinywa zaidi ya lita 100 kwa mwaka. Leo haifiki nusu ya kiasi hicho. Hispania, yenye mashamba makubwa ya mizabibu, leo hunywa bia kwa wingi kuliko mvinyo. Wazee wa huko wasingaliyaamini hayo kama wangaliambiwa, na wakulima wa zabibu wa nchi hizo wamelazimika kung'oa sehemu ya mizabibu yao.

Sisi wa visiwa hivi hatuhitaji kwenda Ulaya kulijua somo hilo. Tulijifunza kwa karafuu. Kwa miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, na sababu yake ilikuwa ni ladha: watu wa nchi ile walipenda kuvuta sigara zenye karafuu ndani yake. Mvutaji wa Java hakumjua mchumaji wa Wete wala wa Mkoani, lakini pumzi yake ndiyo iliyomsomeshea mchumaji yule watoto. Kisha Indonesia ikapanda mikarafuu yake yenyewe, ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Wavutaji wa kule waliendelea kuvuta kama kawaida. Hawakutuchukia wala hawakutukusudia ubaya. Mkarafuu waliokuwa wakiutegemea ulikuwa sasa umepandwa kwao. Pemba iliumia kwa miaka mingi kwa badiliko hilo moja.

Ndiyo maana twasema Mzanzibari ana sababu kuliko watu wengine ya kumfikiria mkulima aliye upande wa pili wa ladha. Na mkulima tunayemfikiria leo hayuko mbali. Yuko Dodoma.

Mzabibu ulipelekwa Dodoma na wamisionari wa Kikatoliki katika karne iliyopita, na misheni ya Bihawana ni miongoni mwa mahali ulipoanzia. Watu wengi walidhani kuwa nchi ile kame, yenye msimu mmoja wa mvua, haifai kwa chochote zaidi ya uwele, mtama na mifugo. Kumbe ukame wenyewe ndio uliokuwa rafiki wa mzabibu, kwa kuwa maradhi ya ukungu hupungua panapokosekana unyevu, na mkulima mwenye maji ya kumwagilia huamua mwenyewe wakati wa kuupa mmea kiu na wakati wa kuunywesha. Zaidi ya hayo, Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na haina baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima wa Ulaya huvuna mara moja kwa mwaka. Mkulima wa Hombolo, wa Mpunguzi, wa Mvumi na wa Chinangali huweza kuvuna mara mbili. Kituo cha utafiti cha Makutupora kimeshughulika na zao hilo kwa miaka mingi, na jina lake limepewa zabibu nyekundu inayolimwa sana mkoani humo. Ni bahati ambayo mataifa machache yanayo.

Lakini zabibu si mtama. Mtama hukaa ghalani ukisubiri bei. Zabibu iliyokwisha kukatwa haina subira. Isipofika kwenye mtambo wa kukamua mapema huchacha, hupasuka na kuliwa na nzi. Msimu unapokuwa mzuri na matangi ya viwanda yakajaa, mkulima hubaki na mavuno mikononi, akauza kwa bei yoyote atakayotajiwa, au akayatazama yakiozea shambani. Wakulima wa Dodoma wamelilalamikia jambo hilo mara nyingi, nasi ambao tumepata kuona karafuu zikikosa bei tunayaelewa maneno yao bila ya mkalimani. Matangi hayajai kwa sababu zabibu ni nyingi mno. Hujaa kwa sababu mvinyo wa msimu uliopita haujanunuliwa.

Sasa tugeuze uso tuitazame Zanzibar. Mwaka 2023 tulipokea wageni zaidi ya 630,000, na mwaka 2024 zaidi ya 730,000. Wengi wao hutoka Italia, Ufaransa, Ujerumani na Poland, yaani hutoka katika nchi za wanywa mvinyo na nchi za wanywa bia pia. Ukiuliza katika mahoteli utagundua jambo la ajabu. Mgeni anayetaka bia huuliza kwanza, bia ya hapa ni ipi? Naye huletewa Kilimanjaro, au Safari, au Serengeti, akainywa kwa furaha na kwenda kuwasimulia jamaa zake kwao. Mgeni yule yule anapokaa mezani usiku na kutaka mvinyo, huletewa orodha ndefu yenye majina ya Afrika ya Kusini, Italia, Ufaransa na Chile. Kwenye orodha nyingi Dodoma haimo. Katika bia tunamuuzia nchi yetu, na katika mvinyo tunamuuzia nchi yake.

Tumesikia majibu yanayotolewa, na haki inatutaka tuyapime moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza ni kwamba mgeni ana ladha yake, na hoteli haina ruhusa ya kumlazimisha. Hilo ni kweli, wala hakuna anayetaka alazimishwe. Lakini kitu kisichokuwapo mezani hakiwezi kuchaguliwa. Asiyeonyeshwa mvinyo wa Dodoma hakuukataa, hakuujua. Kusema kwamba mgeni ameupa kisogo kinywaji ambacho hakupata kukisikia ni kumsingizia.

Jibu la pili ni kwamba mvinyo wa Dodoma hauaminiki: chupa hii huwa nzuri, ile ya pili huwa tamu kupita kiasi, ya tatu huwa imekwisha kuharibika. Jibu hili lina uzito, na twawaambia watengenezaji wa Dodoma bila ya kupaka maneno sukari. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tukiwasifu kwa uzalendo peke yake, tutawaharibu. Mnywaji wa Milano au wa Bordeaux amelelewa kando ya mizabibu. Hatakinywa kinywaji kibovu kwa sababu kimetoka Afrika. Lazima kila chupa ifanane na mwenziwe, mwaka wa mavuno uandikwe, na mvinyo mkavu utengenezwe kwa uangalifu ule ule unaopewa mvinyo mtamu. Hata hivyo yafaa tukiri kwamba chupa nyingine haikuharibikia Dodoma bali njiani, au kwetu. Mvinyo huchukia joto. Ukikaa katika kontena bandarini, kisha ukawekwa juu ya kabati la jikoni katika mwezi wa Februari, hata ule wa Ufaransa utageuka. Na pale vitabu vya Ulaya vinaposema kwamba mvinyo mwekundu upewe mnywaji katika joto la chumbani, vinakusudia chumba cha Ulaya chenye nyuzi 16 hadi 18, wala si chumba cha Paje chenye nyuzi 30.

Jibu la tatu ni kwamba bia ni kinywaji cha kawaida, lakini mvinyo ni kinywaji cha heshima, na heshima haipatikani ila katika chupa iliyotoka mbali. Jibu hili halisemwi kwa sauti, lakini ndilo lililokaa ndani zaidi ya yote, nalo haliko katika mahoteli peke yake. Katika karamu za wakubwa, Bara na kwingineko, wapo wanaoiacha bia waliyoizoea ili waonekane wameshika glasi yenye mguu mrefu. Huo si upendeleo wa kinywa, ni upendeleo wa macho ya jirani. Ni kivuli cha ile sheria ya kikoloni iliyokipa kileo cha ng'ambo cheo, ijapokuwa sheria yenyewe imekwisha kuzikwa.

Wala heshima hiyo haina msingi katika afya. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25 za kileo halisi. Glasi ya mvinyo ya mililita 150 yenye nguvu ya asilimia 12 ina mililita 18. Aliyekunywa glasi mbili za mvinyo, basi, amekwisha kumpita aliyekunywa chupa moja ya bia. Na aliyemaliza chupa nzima ya mvinyo ya mililita 750 amekunywa kileo cha bia tatu na nusu na zaidi. Mwili hausomi karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha kileo kinachoweza kusemwa kuwa ni salama kwa afya. Kwa hiyo asitokee mtu akatwambia kwamba mvinyo ni ustaarabu na bia ni ulevi, wala kinyume chake. Ulevi ni ulevi, na dereva aliyelewa kwa mvinyo huua kama aliyelewa kwa bia.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza: je, si vibaya kwa gazeti la visiwani kuutafutia soko mvinyo? Swali hilo ni la haki, na jibu letu ni wazi. Hatutaki Zanzibar inywe zaidi. Tungefurahi kama ingekunywa kidogo zaidi. Hatutaki duka la vileo jipya katika mtaa wowote, wala kibali karibu na msikiti, madrasa au skuli. Na pale vijiji vinapolalamika kwamba baa imewasogelea, wenye mamlaka hawana budi kuwasikiliza. Tunalozungumzia ni chupa ambayo tayari imeagizwa, tayari imelipiwa na tayari inanywewa na mgeni. Chupa hiyo itoke wapi? Fedha zake ziende kwa nani? Ikiwa haitapungua hata moja kwa kutoka mbali, basi hakuna dhambi inayozuiwa kwa kuiagiza Cape Town. Linalozuiwa ni riziki ya Mtanzania.

Kwa viongozi wetu wa Serikali tunayo mambo manne ya kuyaleta mbele yao kwa heshima.

La kwanza ni utulivu wa vibali. Mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya vibali vya waingizaji wa zamani kutohuishwa na wapya kupewa kazi, vileo viliadimika visiwani, bei ya bia ikapanda kwa kasi, na mahoteli yakahangaika katikati ya msimu wa wageni. Hatufufui ugomvi wa wakati ule. Tunasema tu kwamba mabadiliko ya namna ile yatangazwe mapema na yapewe muda, kwani mtengenezaji mdogo wa Dodoma hawezi kuliingia soko ambalo mlango wake hufungwa na kufunguliwa bila ya kengele. Waingizaji wakubwa huvumilia tufani, mdogo huzama.

La pili ni ushuru. Kwa upande wa Bara, mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini hutozwa ushuru wa bidhaa ulio mdogo sana ukilinganishwa na ule wa kigeni. Hiyo ni sera njema. Wataalamu wa fedha wa pande zote mbili wakae pamoja waone kwamba nafuu hiyo haiishii ufukweni Dar es Salaam, ikamezwa na gharama na taratibu za kuvuka maili chache za bahari. Wabunge wetu hukutana Dodoma kila mwaka. Mizabibu wanaiona kwa macho yao. Hapana kikao kilicho karibu zaidi na jambo lenyewe.

La tatu ni mafunzo. Chuo cha utalii kilichopo Maruhubi kinawafundisha vijana wetu kazi ya kupokea wageni. Wafundishwe pia zao la Dodoma: lilivyopandwa, linavyovunwa mara mbili, linavyohifadhiwa katika joto letu, na linavyopatana na pweza, na jodari, na wali wa nazi. Maarifa hayo hayamhitaji kijana anywe. Mpima karafuu hawezi kuitafuna kila karafuu ghalani, na bado huijua daraja yake kwa jicho na kwa pua. Na kijana ambaye dhamiri yake haimruhusu kukishika kileo apewe kazi nyingine katika hoteli hiyo hiyo bila ya kupunguziwa mshahara wala heshima. Mgeni mwema huifahamu dhamiri ya mwenyeji wake.

La nne ni taka. Katika jambo hili bia inaushinda mvinyo. Chupa nyingi za bia za viwanda vya Bara hurudishwa, zikaoshwa na kujazwa tena. Chupa ya mvinyo ikishavuka bahari hairudi. Hubaki kisiwani, ikatupwa vichakani au ikazikwa katika ardhi yetu ndogo. Zipo karakana visiwani zinazozigeuza chupa hizo kuwa glasi na taa, nazo zastahili kusaidiwa, lakini haziwezi kuubeba mzigo wote. Mvinyo wa karibu una faida hapa pia: kiwanda kilicho Dodoma kinaweza kuambiwa kizichukue chupa zake katika lori lile lile lililoshusha mzigo. Kiwanda kilicho Ulaya hatuwezi kukiambia hivyo.

Kwa wenye mahoteli tuna ombi dogo zaidi. Wauweke mvinyo wa Dodoma kwenye orodha, mvinyo mmoja mwekundu na mmoja mweupe, kwa bei isiyomdhulumu mgeni wala mkulima, na wahudumu wao waseme kwa maneno machache ulikotoka. Wauonje kwanza wenyewe, wale wanaokunywa. Na ule usiofaa waurudishe kwa mtengenezaji pamoja na sababu. Kurudishiwa chupa kwa sababu iliyoelezwa kutamfundisha mtengenezaji kuliko sifa mia. Baada ya hapo mgeni achague. Akisema anapenda bia, apewe bia. Akisema anautaka ule wa kwao, apewe wa kwao. Akisema hanywi kabisa, aletewe dafu, maji ya miwa au juisi ya ukwaju, na asiulizwe kwa nini.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji waliyemkusudia si mwenye hoteli peke yake, wala si Hazina peke yake. Ni mvuvi aliyemvua yule jodari, ni mwanamke aliyelima mwani, ni mkwezi aliyeangua dafu. Na kwa kuwa nchi ni moja, ni mkulima wa Mpunguzi naye, aliyekata zabibu alfajiri na anayesubiri kusikia kama tangi lina nafasi. Wengine wataendelea kubishana, bia au mvinyo, mpaka mwisho wa dunia, na sisi hatutawaamulia. Lakini wenye vibali, wenye orodha na wenye funguo za maghala wanao uwezo wa kuhakikisha kwamba, mgeni atakapochagua, pawepo chaguo moja lenye jasho la mwenzetu ndani yake. Wasiutupe uwezo huo.